Kabla hujaingia wodini na wenzako wa fani nyingine

Wanafunzi mnaokuja huku Mtwara kwa mazoezi kwa vitendo, nawajua kabla hamjafungua mdomo. Wa utabibu wanatangulia, stetoskopu shingoni. Wa uuguzi wanaganda kwenye troli ya dawa. Wa maabara na wa famasia siwaoni kabisa, wamepelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vyao. Hata chai ya saa nne mnakunywa kwa makundi ya vyuo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unasema fani mbili au zaidi zijifunze kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja nao. Watu wengi wameshika hilo la "pamoja" tu: wanawajaza nyote ukumbi mmoja, mnasikiliza mhadhara, mnasaini mahudhurio, basi. Hayo mawili ya mwanzo ndiyo yenye kazi, na yanafanyika wodini.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na chupa ya damu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye hospitali moja ya huku Kusini, zamu ya usiku. Aliletwa mtoto mwenye malaria kali, viganja vyeupe, anahema kwa shida. Dokta akaagiza damu. Nikachukua sampuli ya kupima kundi la damu yake, nikaitia mfukoni, nikaja kuandika jina mezani, tena jina lenyewe tu, bila namba ya faili. Kijana wa maabara, naye mwanafunzi kama mimi, akaikataa. Nikamwambia mtoto anakufa. Akanijibu, "Sista, ndiyo maana naikataa." Nikarudi wodini nikimtukana kimoyomoyo, nikamchoma mtoto upya.

Kesho yake mwalimu wangu alinipeleka maabara nikakae asubuhi nzima. Nikaona rafu ya chupa zinazofanana. Nikaonyeshwa daftari: usiku ule wodi yetu ilikuwa na watoto wawili wenye jina moja na jina la baba lile lile. Huku pwani akina Saidi Hamisi ni wengi, nani asiyejua! Damu ya kundi lisilolingana inaweza kumuua mtoto kabla chupa haijafika nusu. Tangu siku hiyo naandika chupa pale pale kitandani, baada ya kumuuliza mama jina, na kulinganisha na faili. Yule kijana naye alikuja wodini akamwona mtoto aliyekuwa akihema vile; baada ya hapo majibu ya dharura alikuwa anayaleta kwa miguu yake.

Kwa hiyo ombeni siku moja ya kukaa kwa mwenzenu. Msimamizi akisema ratiba haina nafasi, nendeni wakati wa chai.

Angalieni pia uzito wa mtoto, jambo dogo linalopita mikono mingi. Atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa wa kilo 20 na kuendelea. Mtoto wa kilo 14 anapata miligramu 42. Mwandiko mbaya ukiigeuza 14 kuwa 24, hesabu inatoa miligramu 57.6, na hesabu yenyewe ni sahihi kabisa! Anayeandika, anayetoa dawa dirishani na anayechoma wote wamtazame mtoto, au angalau waulizane uzito. Ukipokea agizo kwa mdomo, lirudie kwa sauti hadi aliyeagiza aseme ndiyo.

Wa utabibu, hili ni lenu zaidi: mwanafunzi wa famasia akikuuliza kuhusu dozi hajakudharau. Na ninyi wengine, msiseme kwa mafumbo. Sema, "Dokta, naomba tuangalie tena dozi hii kabla sijachoma." Nimeona watu wakikohoa kohoa tu pembeni, wakitegemea aelewe.

Msiwasahau wahudumu wa wodi. Bibi wa Newala anayejieleza kwa Kimakonde utamwandikia "tumbo linauma" siku tatu, wakati mhudumu aliyemsaidia kwenda chooni ameshajua kwamba anatapika na dawa hajazimeza. (Mhudumu si mkalimani wako wa bure, muombe kwa adabu, kisha muite kwenye raundi.)

Mkipangwa leba, fanyeni igizo la mama anayevuja damu baada ya kujifungua, fani zote zikiwepo. Gawaneni: nani anasinga tumbo la uzazi, nani anaweka dripu, nani anakimbia maabara, nani anaandika saa. Mara ya kwanza nilipoendesha igizo hilo, kila mtu alijua dozi ya oksitosini, sindano ya kuzuia damu hiyo, uniti 10, na kwamba inakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Tukasimama mbele ya friji imefungwa. Ufunguo ulikuwa famasia, na mwanafunzi pekee aliyejua hilo tulikuwa hatujamwalika.