Nilivyochoka Mpaka Mifupa Nikitafuta Cheo

Juzi nimepata meseji ya msomaji mmoja, kaituma saa nane usiku: "Dada, kazi nimeichoka ila cheo nakitaka, nifanyeje?" Nimeisoma mara tatu, machozi yakanilenga, maana miaka minne iliyopita huyo alikuwa mimi kabisa.

Najua wengi mnaonisoma mnataka kufika mbali, kwahiyo sitawaambia mpunguze ndoto. Ila nisikilizeni.

Mwaka ule nilikuwa naitaka nafasi ya kuongoza timu. Nikasema lazima nionekane. Kila kazi iliyotua mezani naidaka, ripoti za wenzangu narekebisha mimi, usiku nasoma kozi ya uongozi mtandaoni, wikiendi najibu imeili, likizo nikaisogeza mbele mara mbili. Mwanzoni unajisikia shujaa. Baadaye nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Pale kazini kulikuwa na choo cha ghorofa ya juu ambacho watu hawakitumii sana, nikawa naenda kujifungia humo, nalaza paji la uso kwenye vigae vya ukutani kwa sababu ni vya baridi, nahesabu mpaka mia ndo narudi kwenye kiti. Kila siku. Ikafika hatua hata mlio wa kibodi ya jirani yangu unanikera.

Halafu kikao cha wakurugenzi kikafika, nikasimama mbele yao na kuwasomea jumla ya mwezi uliopita badala ya mwezi huo, wakati zile namba nilizikagua usiku kucha na macho hayakuona kitu. Wiki tatu baadaye nafasi akapewa mtu niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, mtu ambaye ikifika saa kumi na moja jioni anafunga laptopu anaondoka. Bado inauma, siwezi kuwadanganya.

Nikaja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuelezea uchovu huu, kwamba sio ugonjwa bali ni hali inayoletwa na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, na alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Hiyo ya tatu ndo ilinichoma. Nakesha ili nionekane hodari, kumbe kukesha kwenyewe ndo kunaumaliza uhodari wangu! Na mwaka 2021 shirika hilo hilo pamoja na lile la Kazi Duniani wakatoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi kubwa kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Nilipiga hesabu ya saa zangu nikaogopa.

Nilichofanya, niliomba kikao na meneja nikamuuliza swali moja tu, "Ili mtu apandishwe hapa mnapima nini hasa?" Akanitajia vitu vitatu. Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika kila nilichokuwa nimekibeba, vikafika kumi na vinne, na vilivyogusa vile vitatu vyake ni vitano tu. Tisa vyote nilikuwa najiua navyo na hakuna anayevihesabu. Tangu siku hiyo nikiletewa kazi mpya nasema, "Naifanya, ila ripoti ya mwezi itachelewa, tuanze na ipi?" Mara nyingi wanaiondoa wenyewe. Likizo nikachukua, simu ya kazi nikaizima.

Jamani, acheni kujivunia kukosa usingizi. Lala. Sema hapana. Lala tena. Na kama umeanza kulia bila sababu au mwili hautii, usisubiri tathmini ya mwaka, nenda kwa daktari au mshauri nasaha, mimi nilichelewa miezi sita na hiyo miezi hairudi.

Cheo nilikipata mwaka jana, na nakwambia kwa fahari kabisa kwamba mwaka huo sikupeleka kazi nyumbani hata wikiendi moja.

Wewe mdogo wangu uliyeniandikia, omba kikao na bosi wako wiki hii, muulize swali lile lile. Akishakujibu niandikie, ila niandikie mchana.