Maswali ya Wasomaji: Je, ninunue antivirusi?

SWALI: Ndugu mhariri, ninaendesha steshenari hapa Morogoro, karibu na shule mbili, na kutwa nzima wanafunzi na walimu huniletea flashi niwachapie kazi zao. Wiki iliyopita mwalimu mmoja alirudi akilalamika kwamba mafolda yote ya flashi yake yamegeuka shotikati (alama za njia ya mkato), na nilipoitazama flashi yangu nikaikuta na hali hiyo hiyo. Fundi anasema ninunue antivirusi ya kulipia kwa mwaka, ilhali rafiki yangu anasema Windows ina kinga yake, nisipoteze fedha. Kompyuta yangu ni ya Windows 10. Nimsikilize nani?

JIBU: Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa hakukueleza yote. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Windows huja na kinga ya Microsoft yenyewe, iitwayo Defender, ambayo hailipiwi wala haihitaji kusajiliwa. Antivirusi nyingine ikiwekwa, Defender huiachia zamu ili programu mbili zisigombanie mafaili yale yale. Kwa hiyo anayenunua ya pili amebadilisha mlinzi tu, hakuongeza. Kama mlinzi mpya ni hodari, hakuna neno. Ninachokiogopa ni ile antivirusi iliyokrakiwa ambayo baadhi ya mafundi huisambaza kwa flashi, kwani aliyeweza kuivunja programu ya ulinzi ameweza pia kuongeza ndani yake alichotaka, nawe umempa funguo zote za nyumba.

Kilichokupata wewe na mwalimu ni ugonjwa wa zamani wa steshenari. Kirusi cha namna hii huyaficha mafolda halisi, kisha huweka mahali pake shotikati zenye majina yale yale na picha ile ile ya folda ya manjano, isipokuwa kishale kidogo pembeni ambacho wengi wetu hatukitazami. Mtu akibofya, kirusi hujiwasha kwanza, halafu humfungulia folda aliyoitaka, naye huendelea na kazi bila kushuku lolote. Flashi itakayochomekwa baadaye nayo huambukizwa. Maana yake ni kwamba, kwa kawaida, mafaili ya mwalimu hayajapotea, na asikubali mtu aiformati flashi yake kabla hayajatolewa. Anza kwa kuisafisha kompyuta yenyewe kwa ukaguzi kamili wa Defender, kisha uikague flashi, na ndipo ufungue Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, na kuandika amri ifuatayo, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatajitokeza, na zile shotikati utazifuta. Ukianza na flashi huku kompyuta ingali inaugua, utakuwa unadeki sakafu chini ya paa linalovuja.

Liko pia jambo ambalo hupaswi kuiachia antivirusi peke yake, nalo ni kulisoma jina la faili hadi mwisho. Windows huficha herufi za mwisho za jina, hivyo faili liitwalo barua.pdf.exe huonekana kama barua.pdf tu. Fungua File Explorer, ingia View, uweke alama ya vema kwenye File name extensions. Mwanafunzi aliyekuja kuchapa insha akikupa faili lenye .exe au .vbs mwishoni, usilifungue hata akikuapia, kwa sababu insha haina sababu ya kuwa programu, na huenda mtoto mwenyewe hajui alichobeba.

Sasa nije kwenye lile ambalo rafiki yako hakulisema. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia ili mafaili yafunguliwe. Hakikumngoja mtu abofye chochote, kwa kuwa kilipita kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine kupitia kasoro iliyokuwamo ndani ya Windows. Na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuiziba kasoro hiyo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia. Najua wengi wameiwekea Windows mpangilio wa kubana bando, na siwalaumu, kwani sasisho moja linaweza kumaliza bando la wiki. Hata hivyo, walau mara moja kwa wiki nunua bando la usiku, uondoe mpangilio huo, uiache kompyuta ijisasishe. Kwa upande wako kuna kikwazo zaidi: masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11, ipandishe. Kama haiwezi, jiunge na mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza huku ukijiandaa kuibadilisha.

Fedha uliyotaka kununulia antivirusi, mimi ningenunulia diski ya nje. Nakili humo kazi za wateja na hesabu za duka kila Jumamosi, kisha uichomoe, maana virusi vya kudai fidia hufunga pia diski vinavyoikuta imechomekwa.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Mombasa. Kila niwashapo laptopu, pembeni mwa skrini hutokea ujumbe kwamba nina virusi vitano na kwamba nibofye ili nilipie usafishaji. Ulianza baada ya kutafuta mahali pa kutazama mechi bila malipo. Antivirusi imekagua mara mbili, haioni kitu. Je, ni mbovu?

JIBU: Si mbovu, yaelekea kweli hakuna kirusi. Tovuti nyingi za mechi za bure huonyesha dirisha linalokutaka ubofye Allow ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na anayebofya huwa ameiruhusu tovuti hiyo kumtumia arifa wakati wowote, hata baada ya kuifunga. Zingatia kwamba ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kuingia kwenye diski yako na kuhesabu virusi. Hiyo tano imetungwa. Kama unatumia Chrome, ingia Settings, halafu Privacy and security, kisha Site settings, na hatimaye Notifications, ufute kila tovuti usiyoitambua katika orodha ya zilizoruhusiwa. Hapo kelele zitakoma.

Ikiwa ulikwisha kulipa kwa kadi, piga simu benki leo hii uizuie, wala usitumie namba ya simu iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Ikiwa ulipakua programu waliyokupa, iondoe, rudia ukaguzi kamili, na nywila zako uzibadilishe ukitumia kifaa kingine.