Mtoto anayelia akiona mwandiko wa kuunganisha

Dada, umesema binti yako wa gredi ya tatu hapo Kisumu hulia akiambiwa aunganishe herufi, ilhali anapenda mno kuchora. Basi anzia kwenye kuchora. Daftari lipumzike kwanza.

Pasua mfuko wa simiti, mtandikie upande safi sakafuni, umpe krayoni nene. Achore mawimbi ya ziwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kuinua mkono. Yakishatulia, aongeze vitanzi vinavyopanda na kushuka, kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Usimwambie kitu. Mwache avijaze rangi, ndipo umwonyeshe: kile kirefu ni l, kifupi ni e. Tayari ameandika!

Baadaye zifundishe herufi kwa ukoo wake, si kwa mpangilio wa alfabeti. c, a, d na g zote huanza na mviringo ule ule unaokwenda kinyume cha saa, kwa hiyo akiimudu c, zile nyingine hazimsumbui.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya uzi wa sufu. Koroga gundi ya unga wa ngano, abandike jina lake kwenye kadibodi kwa uzi mmoja usiokatwa. Ikikauka, alipitishie kidole. Hapo anahisi hasa pale herufi inapoishika jirani yake, jambo ambalo kufuatisha nukta kitabuni hakumpi.

Dakika kumi kwa siku zatosha. Ukiona vidole vimekaza krayoni hadi kucha zimekuwa nyeupe, mwachishe akacheze.