Maswali na majibu: Mlonge, ubuyu na ahadi za wauzaji

*Nina kisukari. Muuzaji wa unga wa mlonge amesema una antioksidanti nyingi kuliko machungwa, niache vidonge. Je, niache?*

Usiache. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa bila hata jina la dawa anayotumia mgonjwa. Antioksidanti ni kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe, na kipimo chake kinachotajwa sana kwenye biashara hii ni DPPH: kemikali ya zambarau inachanganywa na maji ya majani, ikigeuka manjano mmea umefaulu. Humo hamna tumbo, ini wala damu. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake orodha ya vyakula iliyopangwa kwa vipimo vya namna hii, kwa sababu kampuni zilikuwa zikizitumia namba zile kuuzia bidhaa. Na huko Finland, matokeo ya 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo nayo ni antioksidanti, waliugua saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Mlonge ni mboga nzuri, kula. Ila unaweza kushusha sukari, na ukiuchanganya na vidonge bila kupima, sukari inaweza kushuka mno. Mwambie daktari wako.

*Mafuta ya mbegu za mlonge yanafaa kupikia?*

Yanafaa. Takribani asilimia 70 ni asidi ya oleiki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni.

*Na ya mbegu za ubuyu? Nimekamua mwenyewe.*

Hapo taratibu. Yana asidi za mafuta za oleiki, linoleiki na palmitiki, na ngozi kavu huyapenda. Lakini yakiwa ghafi yana pia asidi za malvaliki na stekuliki, ambazo huzuia kimeng'enya ambacho mwili hutumia kutengeneza oleiki. Usafishaji wa kiwandani kwa joto kali huzipunguza sana. Kukamua nyumbani hakuziondoi. Jipake, usiyafanye mafuta ya jikoni ya kila siku. Yaweke gizani, chupa imefungwa, maana linoleiki huchacha upesi kwa hewa na mwanga. Yakianza kunuka, mwaga.

*Ubuyu mwekundu wa pakiti una vitamini C?*

Kidogo, kwa kuwa umepikwa kwenye sukari inayochemka. Nunua mweupe.

*Mgagani ni mchungu, nauchemsha na kumwaga maji mara mbili. Napoteza kitu?*

Unapoteza vitamini C na foleti (aina ya vitamini B). Chemsha mara moja, kisha upike na maziwa kama wanavyofanya magharibi mwa Kenya. Mafuta kidogo yawepo, la sivyo karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, haifyonzwi vizuri. Asidi ya alfa-linoleniki, aina ya omega-3, imo pia, ila mafuta ya majani ni haba mno. Omega-3 ifuate kwenye dagaa.