Maswali ya wasomaji: Data ya tovuti inayorudi baada ya kufutwa

SWALI: Mhariri, hongera kwa kazi. Natumia simu ya iPhone na kivinjari cha Safari. Mdogo wangu anaanza chuo na nimekusudia kumpa simu hii, kwa hiyo nilitaka kwanza kuondoa kumbukumbu zote za tovuti nilizowahi kuzitembelea. Nimefuta historia na sasa ukurasa wake ni mtupu, lakini nikiingia kwenye mipangilio na kufungua orodha ya data ya tovuti, bado naona majina, mengine ya tovuti ambazo sikumbuki kuzifungua hata siku moja. Nikiyafuta yanaondoka, kisha baada ya muda baadhi yake yanaonekana tena. Je, kuna mtu ameingilia simu yangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotupa hatuoni dalili ya simu kuingiliwa. Historia na data ya tovuti ni vitu viwili tofauti. Historia ni orodha ya anwani ulizozifungua pamoja na nyakati zake, ilhali data ya tovuti ni vile ambavyo tovuti zenyewe zimeviweka ndani ya simu: vidakuzi vinavyoiwezesha tovuti kukutambua ukirudi, nakala za picha na kurasa zinazohifadhiwa ili ukurasa ufunguke upesi, na hifadhidata ndogo ambazo baadhi ya tovuti huziunda ili ziweze kufanya kazi hata intaneti inapokatika. Safari inapokuuliza ufute kumbukumbu za kipindi gani, ukichagua saa moja iliyopita au siku ya leo, yaliyotangulia kipindi hicho hayaguswi. Aidha, tangu toleo la 17 la mfumo wa iPhone, lililotoka mwaka 2023, mtu anaweza kuwa na wasifu zaidi ya mmoja ndani ya Safari, mathalani mmoja wa kazi na mwingine wa nyumbani, na kila wasifu una historia na vidakuzi vyake. Kama umewahi kutengeneza wasifu wa pili, hakikisha umechagua kufuta wasifu zote.

Yale majina usiyoyatambua yana sababu mbili za kawaida. Ukurasa mmoja wa gazeti hauji peke yake, kwa kuwa huita pia matangazo, video na vihesabio vya wageni kutoka kwenye seva za kampuni nyingine, ndiyo maana jina kama doubleclick.net, ambalo ni la huduma ya matangazo ya Google, laweza kuonekana kwenye simu ya mtu asiyewahi kuliandika. Sababu ya pili ni kwamba Safari ina desturi ya kuanza kupakia tokeo la kwanza inalolikisia wakati bado unaandika kwenye upau wa anwani. Desturi hiyo inaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya Safari, katika sehemu ya utafutaji.

Ama kuhusu majina yanayorudi, chanzo kikubwa ni kurasa zilizoachwa wazi. Watu wengi wana kurasa nyingi zilizofunguliwa tangu miezi iliyopita bila kujua, na ukurasa ulio wazi huandika data upya mara tu unapojipakia tena. Kwa hiyo utaratibu una maana kubwa hapa: funga kwanza kurasa zote, zikiwamo zile zilizopangwa katika makundi, halafu nenda kwenye mipangilio ya simu, ingia Safari (katika matoleo mapya utaikuta ndani ya orodha ya programu), teremka hadi sehemu ya mipangilio ya kina iliyo mwisho kabisa, fungua data ya tovuti na uondoe yote. Itazame orodha hapohapo kabla ya kuifungua Safari tena, kwani ukiifungua kwanza, hutajua lipi lilibaki na lipi limeandikwa sasa hivi. Ikiwa kitufe cha kufuta historia kimefifia na hakibonyezeki, angalia vizuizi vya maudhui katika sehemu inayodhibiti muda wa matumizi ya simu, maana kizuizi cha tovuti za watu wazima kikiwashwa, ufutaji wa historia nao hufungwa.

Hata hapo, Safari haina mamlaka juu ya kila kitu. Tovuti uliyoiweka kama ikoni kwenye skrini ya mwanzo ya iPhone ina hifadhi yake iliyotengwa na ya Safari, na viungo unavyovifungua ukiwa ndani ya Facebook au Instagram hufunguliwa na kivinjari cha ndani cha programu hizo, chenye vidakuzi vyake.

Lakini kwa shabaha uliyoitaja, usijichoshe na orodha hiyo. Simu inayohamia kwa mtu mwingine haisafishwi tovuti kwa tovuti. Hifadhi nakala ya picha na namba zako, ondoka kwenye akaunti yako ya Apple, kisha ufute maudhui yote na kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Usipoondoka kwenye akaunti, mdogo wako anaweza kuikuta simu imefungwa na ikidai nywila yako.

SWALI: Mimi ni wa Android na natumia Chrome. Nikifuta data ya kuvinjari, kwa nini bado nimo ndani ya akaunti yangu ya Google? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa sababu Chrome imeundwa kukubakiza humo ikiwa umeingia katika akaunti hiyo kwenye kivinjari chenyewe, ukitaka kutoka, itakubidi utoke makusudi. Kumbuka pia kukibadilisha kipindi cha ufutaji kiwe cha wakati wote, kwani aghalabu huanzia kwenye muda mfupi. Tahadhari moja: kama umeruhusu historia isawazishwe, kuifuta kwenye simu kutaiondoa pia kwenye kompyuta yako iliyoingia katika akaunti hiyohiyo.