Kodi ya Miezi Sita Huanza Kulipwa Leo

Kazi yangu ni kukaa na watu hapa Dar na kupanga nao matumizi, na wengi huniuliza: wewe mwenyewe unaishije na hela? Naigawa mapema. Hela ambayo haijapangiwa kazi hunikosesha usingizi, hata ikiwa nyingi.

Tabia hii nimeitoa kwa mama. Alikuwa anauza vitumbua Tandika. Jioni alifunga mtaji kwenye pindo moja la khanga, na hela ya kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, kwenye pindo la pili. Hilo la pili halikufunguliwa hata tulipolilia soda.

Ushauri mwingi wa bajeti umeandikwa kwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mji wetu hauendi hivyo. Mama lishe wa Kariakoo anapata hela kila siku, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na Januari ada ya shule inamsubiri. Chumba cha 150,000 kwa mwezi maana yake ni 900,000 kwa miezi sita. Gawa kwa siku 180, unapata 5,000. Hiyo itoke kila siku kabla hujahesabu faida. Siku ya mvua, wateja wakikosekana, toa hata 2,000, ufidie siku ya biashara nzuri.

Nasisitiza hili kwa sababu nawaona wanaokuja kwangu wakiwa wamebanwa na mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Mara nyingi walikopa wiki ya kodi, tarehe waliyoijua tangu siku waliyohamia! Marejesho yakianza, mtaji unaliwa, na mtu anakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza. Inaniuma sana, maana wengi wao ni wachapakazi.

Hela ya kodi iweke kwenye laini ya simu usiyoitumia kwa manunuzi ya kila siku. Ukicheza kijumbe, omba zamu yako iangukie karibu na tarehe ya kodi, na ucheze na watu ambao hata kwao unapajua. Ya mbali zaidi, ambayo sitaihitaji mwaka huu, mimi naiweka UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Mfuko wao wa Umoja upo tangu 2005. Thamani ya kipande, yaani sehemu unayonunua kwenye mfuko, hupanda na inaweza kushuka pia, kwa hiyo hela ya kodi sipeleki huko.

Halafu kuna ndugu. "Nitumie elfu ishirini, na ya kutolea." Wapo washauri wanaosema ndugu wakatae tu. Sikubaliani nao kabisa; mimi nimesomeshwa kwa michango ya wajomba na mashangazi. Kila mwezi natenga fungu la watu, na likiisha nasema wazi: "Shangazi, shikamoo. La mwezi huu limeisha, tarehe moja nitakutumia." Tarehe moja ikifika, natuma kabla hajakumbusha. Kadi ya mchango wa harusi nikipewa, nataja kiasi changu siku ileile, kisha nalipa kidogokidogo kabla kamati haijaanza kupiga simu. Hela ya msiba naitenga peke yake na harusi haiigusi, kwa sababu nauli ya kwenda kuzika huwa inatakiwa usiku huohuo.