Anza na tairi la nyuma: kwa wanaoanza kusanifu magari ya robo maili

Kila kijana anayeingia kwenye kazi hii hufika na swali lile lile: niweke injini gani, na iwe na nguvu za farasi ngapi? Ni swali la maana, lakini zamu yake bado. Tangulia kuuliza tairi la nyuma litabeba nini. Mbio za drag tunazozizungumzia hapa ni za robo maili, yaani mita 402 zilizonyooka, na gari huanza likiwa limesimama. Kati ya injini na lami pana vipande viwili tu vya mpira. Nguvu isiyoshikwa pale inaishia kuwa moshi.

Mimi huwaambia wanagenzi waanze kwa kulisoma Dodge Challenger SRT Demon la 2018, kifaa kimoja baada ya kingine. Wengi hukwama kwenye namba za injini: lita 6.2, V8 (silinda nane), supachaja inayosukumia injini hewa, farasi 808 kwa petroli ya kituoni na 840 kwa petroli ya mashindano ya okteni 100. Namba nzuri kweli. Ila tazama kilichofanywa kwingine ili farasi hao wafae kitu. Matairi yana upana wa milimita 315, mpira laini wa Nitto uliotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, na mafenda yakapanuliwa ili yaenee. Shokabu za mbele zikalegezwa ili pua inyanyuke upesi na uzito uhamie nyuma, za nyuma zikakazwa ili uzito huo ukandamize tairi mara moja. Siti ya abiria ikaondolewa, na za nyuma pia. Aliyezitaka alizilipia dola moja tu. Matokeo yake ni sekunde 9.65 kwa robo maili, na magurudumu ya mbele yakiachana na lami wakati wa kuondoka.

Jambo la pili ni ekseli, na hapa naomba utulie. Mustang za barabarani za leo zina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, na Camaro za mwisho za barabarani zilikuwa nayo pia. Chevrolet walipojenga COPO Camaro ya mashindano mwaka 2012 waliung'oa mfumo huo wote wakaweka ekseli nzima, ya bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ford nao waliweka ekseli ya namna hiyo kwenye Mustang Cobra Jet, gari lao la mashindano. Sababu ni hii: nyuma ikibonyea, magurudumu yaliyo huru huinama, tairi likasimamia ukingo wake badala ya uso wote. Ekseli nzima hulilaza tairi sawasawa. Kwenye kona ningeikataa bila kusita. Kwenye mstari ulionyooka siitafutii mbadala.

Sasa injini. Usichague kwa namba ya juu kabisa. Chagua kwa kuangalia kanuni za daraja utakaloshindania, mafuta yatakayotumika, na joto. COPO ile ya 2012 ilitoka na chaguo la injini ya inchi za ujazo 427 inayovuta hewa yenyewe, au ndogo ya 327 yenye supachaja. Ndogo ikisukumiwa hewa inaweza kuizidi kubwa, lakini hewa iliyobanwa hupata moto, na hewa ya moto huleta mlipuko wa kabla ya wakati unaotoboa pistoni. Ndiyo maana Demon hutumia gesi ya kiyoyozi chake kupoza maji yanayopoza hewa ya injini. Nalipenda wazo hilo kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari lile, kwa sababu kifaa cha starehe kilikuwamo tayari, kikapewa kazi.

Uzito wa injini nao unahesabika. Chevrolet ZL1 Camaro ya 1969 ilikuwa na injini ya 427 ya alumini tupu, nyepesi puani, ila injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000 kwenye bei. Zilijengwa 69 tu, na kuziuza ilikuwa shida. Mwaka mmoja kabla, Dodge walikuwa wameisukuma injini kubwa ya Hemi, ya inchi za ujazo 426, ndani ya Dart, gari dogo, kisha wakapunguza uzito kwenye bodi: boneti na mafenda ya mbele ya faibaglasi, vioo vyembamba vya milangoni vinavyopandishwa kwa mkanda, betri ikapelekwa kwenye buti ili uzito wake ukae juu ya ekseli ya nyuma. Chora kwa macho hayo. Kilo isiyoondoleka, ihamishie nyuma.

Kizimba cha mabomba ya chuma kinachomzunguka dereva kumlinda kisisubiri mwisho. Demon la 2018 lilitoka kiwandani bila kizimba, na kwa sekunde 9.65 lilikuwa na kasi kuliko kanuni za NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, zilivyoruhusu gari lisilo nacho, kwa hiyo mwenye nalo alipaswa kukifunga kwanza ndipo akimbie kwa nguvu zote. COPO na Cobra Jet zilitoka nacho. Kwenye michoro yako mabomba hayo yachorwe siku moja na sakafu, kwani ndiyo pia yanayozuia bodi kujipinda pale tairi linaposhika.